Kutafuta kitanda cha barazani: shajara ya mradi

9 Januari

Chumba cha mbele ghorofani kimebaki na nafasi moja ya maana, nayo ni chini ya madirisha mawili yanayotazama bandari ya kale. Kaskazi ikivuma, hapo ndipo penye upepo. Mume wangu anataka tununue kochi. Mimi nataka kitanda cha kale cha mbao chenye nakshi, vile vya kuwekwa barazani au sebuleni, mchana watu wakakaa na kujinyosha, usiku mgeni akalala. Tumeafikiana hivi: nikikipata kabla ya masika, habari ya kochi imekwisha.

Leo nimepima. Nyumba ni ya zamani, hapa Mji wa Kale Mombasa, na dari zake ni za boriti za mikoko. Boriti ina mwisho wake wa urefu, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi hurefuka upendavyo lakini havipanuki. Vingi ni mita 2.5 hadi 3 kwenda upande. Chetu ni mita 2.7. Kitanda kikizidi sentimita 85 upana, meza ya kahawa haina pa kukaa. Urefu usizidi mita 1.9, ama sivyo kitaziba mlango wa roshani.

Halafu kuna ngazi, ambayo inapinda mara mbili na kwenye pindo la juu hata friji ilitutoa jasho. Kitanda kilichopigwa misumari kikawa kipande kimoja hakipandi, hata kiwe kizuri namna gani. Lazima kiwe kile kinachofunguka: matendegu (miguu) mbali, mifumbati (mbao ndefu za ubavuni) mbali, vitakizo (mbao fupi za kichwani na miguuni) mbali. Bahati ni kwamba vitanda vya kale ndivyo vilivyoundwa hivyo, kwa ulimi na tundu, kwa sababu vingi vilisafiri majahazini.

17 Januari

Nimezunguka maduka ya vitu vya kale, kuanzia upande wa Fort Jesus na kuingia Ndia Kuu. Kila kitanda ni cha "miaka mia mbili". Sijui kwa nini wauzaji wote wameipenda mia mbili. Hakuna hata mmoja aliyeniambia mia na ishirini.

Cha kwanza kilikuwa cheusi ti, kinang'aa, mgongo wake umejaa maua. Nikapitisha kidole ndani ya mifereji ya nakshi. Chini ni sawa kabisa, kina kimoja kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila pembe ya ndani imeviringika. Hiyo ni kazi ya mashine. Fundi wa patasi huacha pembe kali, na ukilinganisha petali moja na nyingine utaona hazifanani: moja imenenepa kidogo, nyingine patasi iliteleza ikaacha mkwaruzo. Weusi nao ulinibakia kidoleni. Ulinukia dawa ya viatu.

Sina ugomvi na kitanda kipya. Kikiuzwa kama kipya, kwa bei ya kipya, ni kazi halali ya seremala na pengine kitadumu kuliko cha zamani. Ugomvi wangu ni ile dawa ya viatu.

Duka la pili wana kitanda chenye vipande vyeupe vilivyopachikwa kwenye egemeo. Mwenye duka akasema kwa sauti ya chini kwamba ni pembe. Nikatazama kwa kioo cha kukuzia. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayokatizana kama wavu. Mfupa huwa na vitobo vidogo vidogo vyenye weusi. Vipande vingine vilikuwa na vitobo, vingine vilikuwa vidogo mno, sikuweza kuamua. Nikakiacha hapo hapo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haina mzaha na mtu aliyeshika pembe bila kibali, na kwa pambo la sebuleni sina haja ya kuanza kueleza mambo polisi.

18 Januari

Cha leo nakiandika peke yake, kwa sababu kimenikera.

Kitanda kizuri. Mbao nzito, nakshi ya mkono bila shaka: waridi katikati, yungiyungi pembeni, mnyororo umezunguka ukingo. Nikauliza mbona egemeo limenenepa hivi kuliko kitanda chenyewe. Nikainama upande wa kushoto. Mnyororo umekatwa katikati ya pete! Msumeno umepita hapo, na mbao ndani ya mkato bado ina rangi mbichi. Egemeo hilo lilikuwa kipande cha juu cha fremu ya mlango, kile kinachokaa juu ya miimo. Mtu kaung'oa mlango mahali, akaupunguza ukaenea urefu wa kitanda.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaitaja milango na fremu zake zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Lakini hata kama sheria isingekuwepo. Tembea mtaani kwetu uhesabu nyumba ambazo fremu ya nakshi imeondoka na pamewekwa mlango wa chuma. Kila kitanda cha namna hii kikinunuliwa, mwingine anapewa sababu ya kubeba msumeno. Muuzaji aliniita, "Bi mkubwa, rudi tuzungumze bei." Sikurudi.

Nimejiwekea masharti matatu: kifunguke, kisiwe na pembe, kisiwe mlango.

3 Februari, Lamu

Tumekuja harusini na nimeiba asubuhi moja. Nimekwenda kwenye nyumba ya makumbusho ya Kiswahili, ile ya karne ya 18 iliyokarabatiwa, kutazama vitanda vikiwa mahali pake. Jambo ambalo dukani hulioni ni hili: vitanda vya zamani viko juu. Mtu mfupi kama mimi angehitaji kigoda kupanda. Chini yake pana nafasi ya kupita hewa, na ya kuwekea vitu. Kamba zimewambwa wazi ili upepo upite pia kwa chini. Dukani Mombasa niliona matendegu mengi yaliyokatwa ili kitanda kiwe na kimo cha kochi, na nikadhani ndivyo yalivyo.

Pia nimeona tofauti ya ukoo. Kuna samadari na jamaa zake, za mbao nyeusi au za msaji, matendegu yamekerezwa kwa mafundo na mabakuli, nyingi zilitoka Bombay na pwani ya Gujarat kwa majahazi ya kaskazi, au zikaundwa huku na mafundi wa Kihindi waliohamia. Na kuna vitanda vya visiwani hapa, vyembamba zaidi, nakshi yake ni ya mikato midogo ya pembetatu na duara, haina maua yaliyochomoza. Nyumba zilikuwa na vyote viwili. Kwa hiyo mtu akikwambia kitanda chenye maua ya Kihindi "si cha Kiswahili", muulize bibi yake aliolewa juu ya nini.

Mafundi wa Langoni bado wanachonga. Nilikaa na mmoja karakana kwake. Anatumia mbambakofi akiupata, na mwembe mteja akilia bei. Akanipa somo la mbao kwa kunigawia vipande. Mbambakofi ni mzito, mwekundu wa kahawia. Mvule mbichi ni wa manjano, ukikaa unakuwa kahawia iliyoiva, na ndani yake hujificha vijiwe vyeupe vigumu vinavyovunja makali ya patasi. Mfenesi ukiukwangua ni manjano ya kung'aa. Msaji una mafuta: ukiusugua, kidole kinateleza, na una harufu kama ya ngozi ya kiatu. Mwembe ni mwepesi na wadudu wanaupenda mno.

"Usitazame juu," aliniambia. "Juu pamepakwa. Kwangua chini ya mfumbati, hapo hapana aliyepaka."

14 Februari

Nimekiona.

Kiko kwenye ghala la mzee mmoja anayenunua vyombo vya nyumba zinazovunjwa, nyuma ya magodoro na mashine mbili za cherehani. Vumbi la kufa mtu. Mgongo na pande mbili fupi vina nakshi, mbele ni wazi. Kamba hakuna, pamewekwa plaiwudi. Matendegu yamekerezwa na hayajakatwa: urefu wa kukalia ni sentimita 58. Upana 82. Urefu 186. Nilirudia kupima kwa sababu sikuamini.

Nilimwomba mzee ruhusa ya kukilaza ubavu. Akacheka, akasema wateja wengine wanapiga picha tu.

Nilianza na matendegu. Mti ukikauka kwa miaka mingi haunywei sawasawa pande zote: hupungua zaidi kwa kufuata duara za mti kuliko kwa kuelekea kiini. Kwa hiyo tendegu lililotoka kwenye kerezo likiwa duara kamili, baada ya miongo mingi huwa yai kidogo. Kwa macho hulioni. Nilikuwa nimekata pengo kwenye kipande cha boksi, nikalivisha shingo ya tendegu. Upande mmoja likapita kwa kusukuma. Nikalizungusha robo, pakabaki upenyo wa kuingiza kucha. Matendegu matatu hivyo hivyo. La nne lilikuwa duara safi pande zote. Hilo limebadilishwa, na si zamani sana. Nilipoligeuza chini, soli yake ilikuwa na alama za duara za msumeno wa mashine, wakati mengine matatu yana mikwaruzo ya msumeno wa mkono, iliyopinda huku na huku.

Maungio: ulimi wa mfumbati unaingia tendegu na kutokeza upande wa pili, umekazwa kwa kabari. Kabari mbili ni za mti ule ule, mbili ni za mbao nyeupe za masanduku. Kimeshafunguliwa na kufungwa mara nyingi, jambo linalonipendeza.

Skrubu zipo mahali pamoja tu, kwenye vipande vya shaba vinavyoshika egemeo. Nilifungua moja. Mfereji wake kichwani haukukaa katikati, lakini ncha imechongoka. Skrubu zenye ncha kali zilienea kuanzia katikati ya karne ya 19. Kabla yake zilikuwa butu. Zenye alama ya msalaba ni za kuanzia miaka ya 1930, na hapa hakuna hata moja. Kwa hiyo kama vipande vile vya shaba ni vya asili, hiyo mia mbili ya kila muuzaji haipo, na wala siihitaji.

Nikakwangua chini, kama nilivyofundwa. Vitakizo na egemeo: kahawia ya dhahabu, mafuta, harufu ya ngozi. Msaji. Mifumbati: si msaji. Nikachokonoa kwa kisu mpaka kikagonga kitu kigumu cheupe. Kijiwe. Mvule.

Picha ninayoipata ni hii. Vitakizo, egemeo na matendegu matatu vilikuja pamoja, pengine ng'ambo, pengine kwa fundi wa hapa aliyepata msaji. Mifumbati ilioza au ililiwa, ikabadilishwa kwa mvule wa bara na mtu aliyejua kazi, kwani ndimi zake zimekaa vizuri. Tendegu la nne ni la juzi. Mkusanyaji wa vitu vya kale angekunja uso. Mimi nataka kitanda cha kulaliwa, na kilichotengenezwa mara tatu ni kitanda ambacho watu hawakukubali kukitupa.

Nakshi nimeiacha mwisho makusudi, maana ndiyo inayomlevya mtu. Ni mzabibu unaotambaa kutoka pande zote na kukutana katikati kwenye chombo cha maua. Upande wa kulia fundi aliishiwa nafasi, akalibana jani la mwisho likawa nusu. Nyuma ya egemeo, mahali paliporandwa kwa haraka, alama za randa bado zinahisika kwa kiganja.

Vitundu vya wadudu vipo kwenye mfumbati mmoja na tendegu jipya. Hayo ya kesho.

15 Februari

Bei. Mzee alianza na elfu tisini na tano. Nikamwonyesha tendegu la nne.

"Mwanangu, hilo nalo lina miaka."

"Lina miaka, mzee, lakini haizidi yangu."

Akacheka sana, akateremka mpaka themanini. Nikamwonyesha mifumbati na vitundu. Tukaenda chai, tukarudi. Tumeachana kwa elfu sitini na mbili, plaiwudi abaki nayo yeye, na kijana wake akilete kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Nimeomba risiti yenye maelezo: kitanda, msaji na mvule, kimenunuliwa Mombasa. Mtoto wa dada yangu yuko Muscat na ameshaanza kuuliza kama nitamwachia. Nimemwambia kitu kilichoundwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 hakitoki nchini bila kibali, na awe na subira ya kuja kulala hapa.

28 Februari

Kiko uani, hakijapanda juu. Hakuna kuingiza chombo cha zamani ndani kabla ya kujua kama fukusi wake wako hai. Ukikosea, mwaka ujao wamo kwenye boriti za dari.

Nilitandika karatasi nyeusi chini ya kila kipande na kuiacha. Kitundu cha zamani kina ukingo uliofifia na ndani ni cheusi. Kipya ni kikali na cheupe ndani, na hudondosha unga. Chini ya mfumbati karatasi ilibaki safi. Chini ya tendegu la nne palikuwa na vichuguu viwili vya unga laini, mfano wa unga wa mchele. Yaani aliye na wadudu ni yule mgeni.

Kwa tendegu moja dawa yake ni baridi. Makumbusho hugandisha mbao kwa nyuzi joto 20 chini ya sifuri, au chini ya hapo, zikiwa zimefungwa ndani ya plastiki bila hewa ili unyevu usizitie ufa. Shemeji yangu ana friza kubwa ya samaki. Tendegu linalala huko, kati ya nguru na changu, limefungwa plastiki mara tatu, na shemeji ameapa kwamba mteja akiliona atasema ni mkono wa jini. Mfumbati, ingawa umetulia, nimeupaka maji ya boraksi mara mbili, ukanywa, ukaachwa kukauka kivulini.

11 Machi

Mabishano na fundi. Yeye anataka apige msasa kote, apake vanishi, "kitoke kama kipya". Nikamwambia kipya kipo dukani.

Tulijaribu nyuma ya kitakizo, mahali pasipoonekana. Pamba iliyolowa spiriti kidogo, ukagusa na kuinua. Pamba ikatoka na rangi ya chai na mbao ikanata. Maana yake kimepakwa polishi ya lakiri, ya kale, ambayo huyeyuka kwa spiriti. Ingekuwa vanishi ya viwandani isingeyeyuka hivyo. Fundi mwenyewe akatulia. Lakiri anaijua, marehemu baba yake alikuwa akiikoroga. Kwa hiyo tumeisafisha tu: brashi ya meno kwenye nakshi, kitambaa chenye unyevu kidogo, sehemu zilizobabuka zikaongezwa lakiri kwa pamba, mwisho nta. Jani lile la nusu lilikuwa limejaa vumbi gumu kiasi kwamba nilidhani ni mbao.

Tendegu la nne limerudi kutoka baridini. Fundi alishauri tukereze jingine la msaji. Nimekataa kwa sasa. Lililopo limekauka, limenyooka na linabeba.

29 Machi

Kuwamba. Wajuzi wamebaki wachache; niliyempata ni mzee wa Kisauni, na alikuja na kijana wa kumshikia kamba. Nailoni aliikataa kabla sijamaliza kuitaja: inateleza, fundo halishiki, na jasho la mtu halina pa kwenda. Kulikuwa na katani na kulikuwa na usumba, yaani kamba ya makumbi ya nazi. Katani inakaza vizuri lakini inachoma ngozi. Usumba ni mkavu pia, ila unavumilia unyevu wa bahari kuliko kamba zote, na kwa nyumba hii iliyo kando ya maji nimechagua huo.

Alianzia mchagoni, upande wa kichwa, akapitisha kamba mbili mbili, juu moja chini moja, kijana akivuta kwa mguu. Karibu na miguuni hakufika mwisho. Akaacha nafasi kama ya shubiri, akafunga kamba nene ya kupingamiza, halafu akaishonea kwenye kitakizo kwa kamba nyingine ya kuzunguka.

"Hapa ndipo pa kukazia," alisema. "Kitalegea. Mkilalia mwezi mmoja kitakuwa machela. Usiniite mimi, vuta hii."

"Na nikishindwa, babu?"

"Muite huyo bwana anayetaka kochi."

Sijui alisimuliwa na nani.

6 Aprili

Kimepanda ngazi vipande vipande, kikafungwa juu, na mume wangu ndiye aliyepiga kabari za mwisho. Mifumbati ilihitaji kupigwa zaidi kuliko uani. Mbao zimeanza kunywa unyevu, mvua za kwanza zimenyesha Alhamisi. Zikivimba, maungio yatakaza yenyewe, kwa hiyo nimemzuia fundi asitie gundi hata tone. Gundi ikishaingia, siku ya kuhama nitakihamisha kwa msumeno.

Yaliyobaki: godoro la sufi, lisizidi inchi tatu ili egemeo lisimezwe, na foronya zake. Takia mbili za pembeni. Vipande vya ngozi chini ya matendegu, kwa sababu sakafu ya chokaa inachubuka. Kabari mbili za mbao nyeupe kubadilishwa kwa mvule, fundi ameahidi Jumatano. Na kamba imeshaanza kulegea, watoto walilala wanne jana.